Kutembea Majini kwa Chombo Chako Mwenyewe

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hadi Mtwara, wapo maelfu ya watu wanaozaliwa, wanaokua, wanaooa na kuolewa, na hatimaye kuzikwa mahali ambapo uvumi wa bahari husikika kila usiku, na ambao, ijapokuwa hawachoki kuisifu bahari hiyo mbele ya jamaa zao wa bara, humaliza umri wao wote bila ya kumiliki chombo chochote cha majini. Mwalimu ana baiskeli yake, karani ana pikipiki, muuguzi hudunduliza akiba mwaka baada ya mwaka mpaka apate gari. Lakini maji, ambayo pengine yako karibu na mlango wake kuliko barabara ya lami, huyatazama kama mtu atazamavyo bustani ya jirani iliyozungushiwa ukuta. Akitaka kuyavuka hulipa nauli, na akitaka kuyafurahia hukaa mchangani.

Sababu zake si ngumu kuzijua. Bahari kwetu imekuwa mahali pa kazi, na kazi yenyewe ni nzito na ya hatari, hata mtu aliyesomeshwa kwa jasho la baba mvuvi huona kwamba kurudi majini kwa hiari yake, tena bila ya mshipi wala nyavu, ni kuitia dosari elimu aliyoipata. Na kwa upande wa pili, tafrija ya majini imeachiwa wageni, kiasi ambacho kijana wa Diani au wa Nungwi akiona kayaki imelazwa ufukoni hujua kwa yakini kwamba ni ya hoteli, hukodishwa kwa saa, na kwamba nafasi yake yeye ni kuishika tu isiyumbe mpaka mgeni apande. Fikira hizi mbili, kwa maoni yangu, hazina mizizi katika desturi zetu. Wakati wa Maulidi ya Lamu mashua hushindana kwa tanga mbele ya umati uliosongamana gatini, na waogeleaji nao wana mashindano yao. Unguja nako resi za ngalawa hazikosi watazamaji. Wazee wetu walijua kwamba chombo kilichobeba samaki asubuhi chaweza kubeba furaha alasiri, wala hawakuona aibu ndani yake.

Makala hii, basi, ni ya kumtetea mtu wa kipato cha kadiri anayetaka kuwa na kayaki yake, ndogo, ya plastiki, ya bei nafuu, ya kutembelea tu. Naitakidi kwamba chombo hicho ni kizuri na kwamba chatosha. Lakini chatosha kwa maji ya namna moja na hakifai kabisa kwa maji ya namna nyingine, na maarifa ya kuyatenga maji hayo mawili hayauzwi pamoja nacho.

Asili yake ni mbali sana na minazi yetu. Wainuiti na jamaa zao, wenyeji wa Greenland na wa pwani za kaskazini mwa Kanada na Alaska, ndio waliokibuni tangu zama za kale, katika nchi ambazo nyingi hazikuwa na mti wa kuchongea mtumbwi. Waliokota magogo yaliyoletwa na mawimbi, na mifupa ya nyangumi, wakaunda kiunzi chembamba, wakakivika ngozi za sili zilizoshonwa kwa ustadi hata maji yasipenye, wakaacha tundu moja la kuketi mtu, na kwa chombo hicho wakawinda katika bahari yenye barafu. Ninalolipenda kuliko yote katika habari zao ni kwamba kayaki haikuundwa kwa futi wala kwa mita, bali kwa mwili wa mwenyewe: huko Greenland urefu wake ulikuwa yapata pima tatu za mikono ya mtu atakayeipanda, na upana wa mahali pa kuketi ulitokana na nyonga zake na ngumi zake. Mswahili, ambaye mababu zake walipima kamba kwa pima, nguo kwa dhiraa na vitu vidogo kwa shibiri, hataona ugeni katika hesabu hiyo. Kayaki ilikuwa ya mtu fulani, na ndugu yake mnene au mfupi asingeweza kuiazima akastarehe.

Ulaya ndiko ilikogeuzwa kuwa chombo cha matembezi. Mwaka 1865 wakili wa London, John MacGregor, aliundiwa chombo cha mbao kilichofunikwa sitaha, cha kupigwa kwa kafi yenye ncha mbili, akakiita Rob Roy, akazunguka nacho katika mito na maziwa ya Ulaya, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata kikawatia watu wengi raghba ya kufanya kama yeye. Mwaka 1905 mwanafunzi wa Kijerumani, Alfred Heurich, alibuni kayaki ya kukunjwa, yenye mbavu za mbao na vazi la turubai, na mwaka 1907 fundi cherehani Johann Klepper wa mji wa Rosenheim akainunua haki ya kuitengeneza, hata mfanyakazi wa mjini akaweza kupanda gari la moshi na chombo chake mkobani. Katika kayaki ya Klepper daktari Hannes Lindemann aliivuka Atlantiki mwaka 1956, kutoka visiwa vya Kanari hadi Karibi, kwa siku 72. Na mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuivuka bahari iyo hiyo katika mtumbwi wa gogo moja, wa namna ya mitumbwi ya Liberia. Siyataji haya ili msomaji amwige, la hasha. Nayataja ili ajue kwamba mtumbwi wa Kiafrika na kayaki ya nchi za barafu vilikwisha kupimwa na mtu mmoja katika bahari moja, na vyote viwili vikamfikisha salama.

Lakini kilichoishusha bei hakikuwa ushujaa wa mtu yeyote, kilikuwa plastiki. Mwaka 1973 ilitolewa huko Marekani kayaki ya polithini iliyofinyangwa kwa kuzungushwa, na njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo kwa kayaki nyingi za bei nafuu: unga wa polithini hutiwa ndani ya kalibu ya chuma, kalibu ikafungwa, ikaingizwa katika tanuri na kuzungushwa pande mbili kwa wakati mmoja, hata unga ukayeyuka na kutanda sawasawa juu ya kuta za kalibu, kisha ikapozwa na kufunguliwa. Mwenye kutaka kuiona kazi hiyo hana haja ya kusafiri. Na ainue macho ayatazame matangi meusi ya maji yaliyo juu ya mapaa ya Mombasa na Dar es Salaam, yale ambayo wengi huyaita simtenki: yametengenezwa kwa njia iyo hiyo na kwa malighafi iyo hiyo. Kwa hiyo tabia za kayaki hii ni zile zile tunazozijua majumbani. Haiozi, haitobolewi na fukusi, haihitaji kupakwa sifa wala deheni, haitiwi kalafati, na ikigonga jiwe hukwaruzika tu ikapita. Lakini jua likiiunguza miaka mingi huifanya kavu na nyepesi kupasuka.

Katika miaka hiyo hiyo, huko California, kijana Tim Niemier alibuni kayaki ya kuketi juu yake badala ya kuketi ndani, na hapo ndipo mnunuzi wa leo anapokutana na uamuzi wake wa kwanza. Ya kuketi ndani humkinga mtu na baridi na upepo, nayo inafaa kwa maziwa ya nchi za kaskazini ambako baridi ya maji yenyewe huua; lakini zile za bei ya chini aghalabu hazina kuta za ndani za kutenga sehemu ya mbele na ya nyuma, au zina ukuta mmoja tu, hivyo zikipinduka hujaa maji, na chombo kilichojaa maji mtu peke yake hawezi kukimwaga akiwa kilindini. Ya kuketi juu imefungwa pande zote na kujaa hewa, na katika sitaha yake mna matundu yapenyayo hadi chini, kila wimbi linaloingia likatoka lenyewe. Aliyeanguka huigeuza, hujilaza juu yake kifudifudi, akaketi tena. Kwa maji yetu ya joto, ambako kulowa si msiba, mimi sina shaka hata kidogo: mwanagenzi na anunue ya kuketi juu.

Urefu wa kayaki za matembezi za bei nafuu ni kati ya mita 2.4 na 3.6, upana wake sentimita 70 hadi 80, na uzito wake kilo 18 hadi 27 hivi. Upana huo ndio unaompa mwanagenzi utulivu, na ufupi huo ndio unaomnyima mwendo, kwa kuwa chombo kifupi na kipana hakipasui maji bali huyasukuma. Mtu wa kawaida, asipojitesa, huenda kilomita 4 au 5 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, na kila pigo la kafi huipeleka omo kando mpaka mikono izoee kuirudisha. Mwenye kuweza kuongeza kidogo achukue yenye mita 3 au zaidi, hatajuta. Na akitazame kipimo cha mzigo kilichoandikwa juu yake, kisha abaki chini ya kipimo hicho kwa nafasi kubwa, maana mtu wa kilo 95 akikalia chombo kilichoandikwa kilo 110 hukididimiza hata matundu ya sitaha, badala ya kuyatoa maji, yakayaingiza, naye akatembea mchana kutwa akiwa ameketi dimbwini.

Uzito nao ni jambo la kufikiriwa na mtu asiye na wasaidizi. Mtumbwi wa mwembe, ambao wavuvi wetu wangali wakiutumia na ambao mimi nauheshimu, hutaka watu wawili watatu kuupandisha ufukoni. Kayaki ya kilo 20 mwanamke mmoja huitia begani akaondoka nayo. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa mtu wa mjini ambaye saa yake ya mapumziko haikubali kungojea jamaa wa kumsaidia kusukuma.

Bei yake hutofautiana sana. Katika maduka makubwa ya Marekani kayaki mpya za namna hii huuzwa kwa dola 200 hadi 400. Huku kwetu hupanda, kwa sababu chombo hiki kimejaa hewa, na shehena iliyojaa hewa hutozwa nauli ya meli kwa nafasi inayoichukua, si kwa uzito wake. Na baada ya nauli kuna ushuru. Kwa hiyo mwenye akiba ndogo hutafuta iliyokwisha kutumika, wakati hoteli inapobadilisha vifaa vyake au mgeni anapofunga mizigo kurudi kwao, na wako marafiki wanaochangiana watatu wakainunua moja na kugawana siku za juma. Iliyotumika isinunuliwe kivulini. Itolewe juani, ifudikizwe, na mnunuzi apitishe kiganja chake tokea omo hadi tezi, hususan chini ya tezi, kwani hapo ndipo inapoburutwa na ndipo mchanga unapoila kwanza. Aibonyeze kwa kidole gumba kuzunguka kila tundu la sitaha, mahali ambapo nyufa hupenda kuanzia. Aitikise, asikilize kama mna maji ndani. Kisha afungue kizibo, atie maji ndoo mbili, aiinue upande mmoja na halafu upande wa pili, aone yanatokea wapi. Ufa mdogo si sababu ya kuikataa, ila ni sababu nzuri ya kuishusha bei. Polithini haishiki gundi, na mwenye kuuza chupa ya gundi kwa kazi hiyo anauza uongo. Lakini fundi anayechomelea matangi na ndoo kwa chuma cha moto, akipata kipande cha plastiki ya jamii ile ile, huuziba ufa ukadumu.

Kile kilichookolewa katika bei ya chombo kisirudi mfukoni chote. Sehemu yake ni ya kafi, sehemu ni ya jaketi la kujiokolea, nami ningependa kila mnunuzi alinunue jaketi kwanza na kayaki baadaye, kwa kuwa wengi wafanyao kinyume chake huishiwa na fedha dukani na kujiambia kwamba watalinunua mwezi ujao. Liwe la kumkaza kifuani, lisimpande masikioni akiwa majini, na livaliwe. Jaketi lililofungwa nyuma ya kiti halimwokoi mtu aliyeachana na chombo chake. Kafi ya kayaki pana iwe na urefu wa sentimita 220 hadi 240, tena iwe nyepesi, maana mtu huiinua mamia ya mara kwa kila saa. Filimbi ifungwe jaketini. Simu iwe ndani ya mfuko usiopenya maji, na maji ya kunywa yawe mengi kuliko anavyodhani yatamtosha. Kofia na shati la mikono mirefu si pambo, kwa sababu jua la pwani humpiga mtu mara mbili, kutoka juu na kutoka majini.

Nilipoiteremsha kayaki yangu katika hori ya Mtwapa, ule mkono wa bahari unaoingia bara kaskazini ya Mombasa, na ambao mlangoni pake yasimama magofu ya Jumba la Mtwana, nilimkuta mzee mmoja akishona jarife chini ya mkungu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Na hiki nacho ni chombo?”

Nikamwambia ni chombo. Akaweka uzi chini, akaja, akaipapasa tumboni kwa viganja vyote viwili.

“Mkuku wake uko wapi?”

“Haina mkuku, mzee.”

“Basi upepo utakichezea. Tembea humu humu ndani. Mlangoni usifike, na maji yakianza kupwa uwe umeshageuka.”

Kisha akaniuliza navua nini, nikamjibu kwamba sivui, natembea tu. Hakucheka wala hakushangaa. Alisema kwamba yeye hajapata kuingia majini hata siku moja bila ya kutafuta kitu, akarudi kwenye jarife lake, akashona kwa muda, kisha akaniuliza kama chombo hiki chaweza kumbeba mtu mwenye magoti mabovu.

Katika maneno yale machache mlikuwa na elimu ambayo vitabu vya kayaki huieneza katika kurasa nyingi. Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika usiku na mchana, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, ambapo tofauti baina ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa, Mombasa na Unguja, hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hiyo hupungua ikabaki kiasi cha mita moja hivi. Kila mwanamke alimaye mwani huko Paje ajua kwamba siku za bamvua bahari hukauka mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 alasiri, na kwamba siku za maji mafu mambo hugeuka, ikajaa asubuhi na kupwa alasiri. Kutokana na kanuni hiyo moja mwenye kayaki hupata ratiba yake yote bila ya kununua chochote. Siku za bamvua ashuke majini saa 8 mchana, bahari yenyewe itampandisha ndani ya hori hadi kwenye vijito ambavyo siku nyingine ni tope tupu. Maji yakisimama, ageuke, na bahari itamrudisha kabla ya magharibi. Mwenye kushuka siku hizo saa 2 asubuhi bila ya kuuliza atajikuta saa 4 amekwama juu ya matope yanayomeza miguu hadi magotini, naye hana la kufanya ila kungoja. Siku za maji mafu mikondo ni dhaifu na asubuhi yote ni yake. Hizo ndizo siku za mwanagenzi.

Hatari kubwa ya hori iko mlangoni, wakati wa maji kupwa. Hori ambayo imejaza maji maeneo mapana ya mikandaa huyarudisha yote baharini kupitia njia moja nyembamba, na kasi yake huwa kubwa kuliko wakati wowote katika saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kutoka. Mpiga kafi hodari hawezi kushindana nayo akiwa katika chombo kifupi. Ikiwa ni wakati wa kusi, maji hayo yatokayo hukutana ana kwa ana na mawimbi yaingiayo, mawimbi yakasimama wima na kuvunjika mahali ambapo saa 2 nyuma palikuwa shwari. Ndiyo maana mzee yule hakuniambia nisiende mbali. Aliniambia mlangoni nisifike.

Upepo una majira yake, na Waswahili waliyajua kabla ya kuwako utabiri wa hewa. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Kusi huanza baada ya hapo na kuwa kali mno kati ya Juni na Agosti. Na baina ya pepo hizo mbili huja tangambili, majuma ambayo bahari hutulia na ambayo mabaharia waliyatumia kugeuza safari zao. Kwa mwenye kayaki tangambili ni msimu wa neema. Lakini hata katika kusi asubuhi huwa na utulivu wake, na hapa ndipo palipo na hila: umande, upepo utokao bara alfajiri, huacha maji ya ufukoni laini kabisa, kwa kuwa mtu amekingwa na nchi iliyo nyuma yake, naye huenda mbele akifurahia wepesi wa chombo, asijue kwamba anasukumwa, mpaka ageuke. Chombo kisicho na mkuku, kilicho juu juu ya maji, upepo hukichezea kweli. Kanuni ya kujilinda ni kuanza safari kwa kuukabili upepo wakati mikono ina nguvu, ili urudi ukiwa mgongoni wakati mikono imechoka.

Na kabla ya safari yoyote, mtu ajizoeze kuanguka. Asimame mahali maji yanapomfika kifuani, ajipindue kwa makusudi, aigeuze kayaki kwa kuivuta upande wa mbali, apige miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, ajivute hadi kitovu kiwe katikati ya sitaha, ndipo ajigeuze na kuketi. Arudie hivyo mpaka aweze bila ya hofu, akiwa amevaa jaketi. Asiyejua kuogelea akajifunze kwanza. Kaskazini mwa Unguja wasichana na wanawake wamekuwa wakifundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayowasitiri mwili mzima, nao wameelea, kwa hiyo staha haiwezi tena kutajwa kuwa kizuizi.

Mtu akiyajua hayo, furaha aipatayo haina mfano. Kayaki iliyompakia mtu mmoja huelea katika maji yasiyofika shibiri moja, hivyo yaingia kusikoingia mashua wala boti ya injini. Kwanza hupita mililana iliyosimama mbele kabisa, karibu na maji mapana. Kisha mikoko, ambayo mizizi yake hushuka kutoka shinani kwa matao, imegandwa na chaza wenye ncha kali, asithubutu kuishika kwa mkono mtupu. Ndani zaidi huja muia na mkandaa, na kijito hukonda hata kafi ikagusa matawi pande zote mbili, ikabidi kuishika katikati na kusukuma kwa ncha moja tu. Ukipitisha kidole juu ya jani la mchu wakati wa kiangazi kisha ukakilamba, utaonja chumvi, kwani mti huo huitoa chumvi ya bahari kwa majani yake. Mkizi huruka juu ya maji mbele ya omo, kurea akakatiza kijito kwa mlio mmoja, na kaa wakapanda mashina maji yanapopanda, hatua kwa hatua, daima wakiwa juu kidogo ya mstari wa maji. Misitu hii ndiyo iliyotoa boriti zilizoezekea nyumba za Lamu na kusafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni, nasi tulio wengi tumeijua kutokana na dari za nyumba zetu kuliko kutokana na miti yenyewe.

Hori za namna hiyo si chache: Mida, iliyo katika hifadhi ya bahari ya Watamu ambako hifadhi ilianza mwaka 1968, Kilifi, Tudor, na ghuba ya Tanga. Penye hifadhi kuna ada na masharti, na penye wavuvi kuna kamati ya pwani. Mtu aende akajitambulishe, aseme anakwenda wapi na atarudi saa ngapi, asipite juu ya nyavu wala asisogelee madema ya watu. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, ambavyo huwavutia sana wakazi wa Dar es Salaam, viko bahari wazi, na kayaki fupi isivikaribie ila iwe na wenzake na hali ya hewa iwe ya kuaminika. Kwenye maziwa makuu ya bara kuna mamba, viboko na kichocho, na huko neno la wenyeji litangulie lolote lililoandikwa hapa.

Utunzaji wake ni mwepesi: isuuzwe kwa maji baridi, ilazwe kivulini kwa ubavu juu ya vipande viwili vya gogo vilivyofungwa matambara, isifungwe kamba za kukaza mno juani, na ifungwe mnyororo, kwa sababu kitu ambacho mtu mmoja hukibeba begani mwizi naye hukibeba begani.

Kilicho kigumu kuliko hayo yote hakimo katika uwezo wa mnunuzi. Njia za umma za kushukia ufukoni, zile ambazo wavuvi walizipita tangu enzi za babu zao, katika sehemu nyingi za pwani zimezibwa kwa kuta na malango ya viwanja vya watu, au zimebanwa hata zikabaki vichochoro ambavyo mtu hupita kwa ubavu, na chombo cha mita 3 hakipiti kwa ubavu. Ramani za mipango miji bado zinazionyesha njia hizo. Mabaraza ya miji na serikali za wilaya, ambazo ni wadhamini wa haki hiyo, zinapaswa kuzitembelea moja moja, ramani ikiwa mkononi, na kuzifungua kwa upana wa watu wawili waliobeba mtumbwi, ili mvuvi apate kupita kwenda kazini kwake, na mwalimu, baada ya kusahihisha madaftari yake Jumamosi asubuhi, apite nyuma yake na kayaki yake begani.